Kabati Lako Limeishinda Treni Yangu

Kwa Baba Mkwe, fundi seremala,

Shikamoo. Mimi mkwe wako, mwalimu wa hesabu, sina ugonjwa wowote. Naandika kwa heshima zote kulalamikia kabati ulilotuchongea tulipooana.

1. Kabati ni refu mno. Stesheni kuu ya treni yangu ya kuchezea iko juu yake, kwa kuwa binti yako alisema sakafu ni ya kupita watu na meza ni ya kulia chakula. Reli inaanzia kwenye kiti, na kila mita moja inapanda sentimita kumi. Injini ikifika katikati, magurudumu yanazunguka bure na mabehewa sita yanaivuta chini. Nimepiga hesabu mara nne. Kosa liko kwenye miguu ya kabati.

2. Binti yako alinishauri nipunguze mabehewa. Yaani fundi cherehani amfundishe mwalimu habari za mzigo! Nilimshukuru kwa sababu nimelelewa vizuri, na mabehewa yakabaki sita.

3. Ili kuirahisishia treni safari, nilipaka reli mafuta ya cherehani ya binti yako. Ikarudi chini kwa kasi zaidi. Nikaongeza mafuta. Ikazidi kurudi, jambo linalothibitisha hoja namba moja. Chupa ikaisha, cherehani ikakauka na kuanza kulia, na gauni la mteja, ambalo kwa bahati mbaya nilifutia mikono, likaingia doa. Binti yako akaniambia, "Mwalimu, chagua: mimi au huo mlima wako." Nikamwomba muda wa kufikiri. Hapo ndipo alipobeba cherehani yake akaja kwako.

4. Leo ni siku ya nane. Ninamkumbuka sana na chai nainywa nimesimama, lakini haya nayataja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

5. Kwa hiyo, kabati limeishinda treni, treni imemaliza mafuta, mafuta yamevunja nyumba. Aliyechonga kabati ndiye aliyenitenga na mke wangu. Naomba uje na msumeno ukate miguu yake sentimita kumi na mbili. Na kwa kuwa fundi hurudisha alichoharibu, uje na binti yako. Ukikataa, sitakuwa na budi kulipeleka suala hili kwa Mama Mkwe.

Nisalimie Mama, mashemeji wote, na mwenye gauni akipita hapo.

Mkwe wako mtiifu,
Mwalimu

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika nilizipangusa reli zote, mafuta pamoja na vumbi lililokuwapo tangu mwanzo, zikakauka, usije ukachafua shati ukija kukata. Nikaijaribu treni. Imepanda na mabehewa yote sita mpaka stesheni. Nikashangilia, nikageuka kumwonyesha mke wangu, hakuna mtu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kabati halina kosa, Baba, msumeno uache. Barua hii naileta mwenyewe nije kumwomba radhi. Ukimsomea, tafadhali ruka namba mbili.