Mshereheshaji na Binti wa Lori

Jumamosi, 3 Mei

Shemeji ameanguka kutoka juu ya lori lake akifunga turubai. Mguu umeteguka vibaya, amelazwa. Binti yake ameletwa kwetu na kifurushi cha nguo. Kigori wa miaka kumi na minne, na karibu yote ameishi ndani ya lori! Mama yake alifariki mtoto angali mdogo, baba akamketisha kiti cha pembeni, safari zikaendelea. Hajakanyaga darasa. Kusoma amejifunzia vibao vya barabarani. Baba yake humwita Honi. Nilimwonea huruma. Nikasema mjomba wake nipo, nitamfundisha maisha.

Nikaenda naye kazini, harusini, anibebee spika. Mimi ndiye mshereheshaji wa ukumbi ule, tai yangu nyekundu inajulikana. Katikati ya nasaha tumbo likaniita. Nikamwachia kipaza sauti na onyo asikiguse. Natoka msalani, nasikia ukumbi unanguruma! Kumbe mtoto anasimulia habari ya mbuzi aliyepanda lori lao akakataa katakata kukaa nyuma na mizigo. Watu wanapangusa machozi. Bibi wa bwana harusi, aliyesinzia tangu salamu zangu za kwanza, amesimama juu ya kiti!

Huruma imeniisha.

Jumapili, 4 Mei

Mama mwenye ukumbi kapiga simu. Nikajiweka sawa nipokee sifa. Anamtaka yule mtoto! Jumamosi ijayo, harusi ya binti wa mkandarasi. Nikamjibu kwamba, kwa bahati mbaya, mtoto ana mitihani. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Akauliza mitihani ya shule gani. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Jumanne, 6 Mei

Mpango! Sauti ni koo, na adui wa koo ni baridi. Nimenunua ndoo nzima ya aiskrimu, nikamwambia Honi ale yote, mjomba anampenda. Kwa adabu zake akakataa kula peke yake. Kijiko chake, kijiko changu, mpaka tukafika chini. Yeye amezoea kulala kwenye lori lenye dirisha bovu, mvua ikimpiga. Koo la chuma! Mimi nina sauti ya chura.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango mwingine, huu wa akili. Nimemwomba anisimulie hadithi zake zote. Nitazimaliza mimi Jumamosi, yeye abaki mikono mitupu. Akanisimulia bila choyo, huku akifua shati langu.

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akaacha kufua. Akasema baba yake huendesha masafa marefu, na macho yana mwisho. Kazi yake tangu utotoni ni kumtazama baba pembeni ya jicho. Kope ikishuka, yeye hubadilisha hadithi.

"Mjomba," akasema, "ningenyamaza, tungekufa."

Nikalichukua shati, nikalisuuza mwenyewe. Bila shaka ilikuwa homa ya ile aiskrimu.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu! Nimesimulia habari ya mbuzi neno kwa neno. Mgeni mmoja akapiga miayo, ikasambaa kama moto wa nyikani. Mkandarasi mwenyewe, baba wa bibi harusi, akaanza kukoroma.

Honi nilimwamuru abaki nyumbani. Mke wangu kamleta! Akanisogelea, akaninong'oneza: "Mjomba, mtu akisinzia usipandishe sauti. Muulize swali."

Nifundishwe na utingo wa lori? Nikapandisha sauti. Spika ikapiga yowe, mpiga picha akarukia keki.

Mama mwenye ukumbi alininyang'anya kipaza sauti mbele za watu, akampa mtoto. Nikangoja anicheke. Hakunicheka. Aliwaambia wageni kwamba mjomba wake amewapumzisha makusudi, maana ngoma inayokuja si ya wachovu. Wakashangilia. Wakanipigia makofi mimi!

Hata wema wake ni kipaji. Namchukia zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Mama mwenye ukumbi anampa Honi Jumamosi zote, na atamlipia shule. Mimi nimebakiziwa kutangaza namba za magari yaliyoziba njia.

Ajabu, mtoto amekataa! Baba yake akitoka hospitali, yeye anarudi kwenye lori. Nani atamweka macho? Mke wangu amelia. Amesema mtoto kama huyu kuishia barabarani ni dhambi. Honi naye alikuwa akilia, amegeukia ukutani. Shule anaitaka, nimeona shingo yake ilivyonyooka ilipotajwa.

Nikawaza. Lori ndilo lililomfanya awe alivyo. Na mimi je, nikikaa kiti kile kile?

Nikatangaza kwamba nitakwenda mimi badala yake. Mke wangu akanikumbatia mbele ya watoto wetu, akasema leo ameona moyo wangu. Honi akanishika mikono yote miwili, akaniapisha nisinyamaze hata kidogo. Nikaapa. Moyoni nilikuwa tayari naona tai mpya.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi njema, barabara nyeupe, shemeji mguu mzima. Nikaanza na salamu kwa wageni waalikwa. Sikunyamaza, Mungu shahidi. Nilikuwa bado kwenye utangulizi lori lilipoacha barabara, likaingia shamba la alizeti.

Tumepona sote. Shemeji kaamka, kajinyoosha, kasema hajapata usingizi mtamu kama ule tangu aumie. Amesema leo hii atatafuta dereva wa pili wa kupokezana naye, na mimi nirudi kwa basi. Honi abaki shuleni. Hakuna aliyenishukuru.

Sasa limekuja gari la kutuvuta. Dereva wake ni mfupi, mchafu, shati halina vifungo. Anawasimulia watu waliojaa hapa jinsi tulivyoacha njia, na wanavunjika mbavu! Ajali yangu! Hakuwepo hata! Nilipanda juu ya tairi niwasimulie inavyopaswa, wakaenda kumsikiliza yeye upande wa pili.

Nimeuficha mnyororo wake wa kuvutia magari. Nimeukalia hapa katikati ya alizeti. Tuone atachekesha nini kazi ikimshinda.

Jua linashuka. Shemeji anauliza kwa nini hatuvutwi. Nimemwambia sijui, labda huyu bwana anaongea mno.