Malalamiko Kuhusu Kuokolewa Bila Idhini

Kabiro, Kawangware
Jumanne

Kwa Mratibu,
Ushirikiano wa Usalama Chini ya Ardhi,
Ofisi ya Mradi wa Bomba la Maji Taka, Kabiro hadi Lindi.

Madam Magdaline,

KUH: MAMA FATNA KUTUTOA SHIMONI BILA KUFUATA UTARATIBU

Nakuandikia nikiwa na afya njema, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mimi ni Waithaka, mchimbaji katika shimo la Lindi, kule Kibera, lile la mita kumi na mbili ambalo bomba kutoka kwetu Kabiro litapitia. Shule niliachia darasa la saba, lakini magazeti ya kufungia nyama nayasoma yote, pande zote mbili, kwa hiyo neno “ushirikiano” si geni kwangu. Ijumaa iliyopita, mkiwa kwenye sherehe ya kutia sahihi Mkataba wa Ushirikiano, mimi na wenzangu watatu, yaani Kavoi, Tonny na Yusuf, tulitolewa shimoni tukiwa hai. Aliyetutoa ni yule mama anayeshika kamba, Fatna, ambaye sisi humwita Mama Malika. Nasikia mmemsimamisha kazi, na kwamba Alhamisi kamati ya nidhamu itaamua kama afutwe kabisa. Naunga mkono. Nikiwa mmoja wa waliodhulumiwa kwa kuokolewa, naomba haya yasomwe kikaoni.

1. Kelele. Mama Malika ni mzaliwa wa Lindi, na baba yake alichimba vyoo vya ploti za Kibera mpaka mgongo ukakataa. Wachimba vyoo wana desturi yao ya kizamani sana. Aliye juu hana kazi nyingine ila kuangalia kamba zilizofungwa kwenye viuno vya walio chini, na kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, siku nzima. Ukiitwa unajibu, “Niko!” Ukiitwa mara mbili usijibu, unavutwa. Hakuna kuita mara ya tatu, hakuna kuuliza kama unatania. Yusuf aliwahi kunyamaza makusudi ili amchokoze, akajikuta juu na suruali imenasa kwenye ngazi, na mama wa kioski cha jirani anamtazama.

Sasa, siku ya sherehe mgeni wa heshima alikuwa amefika ukurasa wa nne wa hotuba, anaeleza kwamba hakuna kazi yenye thamani kuliko uhai wa mfanyakazi. Kila alipovuta pumzi, Mama Malika anapaza sauti: “Tonny! Uko?” Anasoma mstari, “Waithaka! Uko?” MC akamwendea na tabasamu lake la maiki: “Mathe, tulia kidogo basi, mgeni anaongea.” Akajibiwa hivi, nami nilisikia kutoka huko chini: “Mgeni wako namwona. Hawa wangu siwaoni.” Je, hayo ni majibu ya kumpa mtu aliyevaa tai?

2. Kuingilia mambo ya stima. Kama ujuavyo, kule chini tunavuta hewa inayoletwa na feni, na feni inaendeshwa na jenereta, ambayo kwa kawaida hukaa hatua thelathini kutoka shimoni. Siku hiyo spika zilihitaji soketi, kwa hiyo msimamizi wetu, Bwana Wainaina, akaichomoa feni kwa muda wa hotuba tu. Ni jambo la busara, maana hotuba yenyewe ilikuwa ya usalama. Kisha jenereta ikawa inawapigia wageni makelele, ikabebwa ikawekwa nyuma ya hema. Nyuma ya hema ndipo palipo mdomo wa shimo. Moshi nao, kwa adabu zake, ukatafuta mahali pasipo na wageni.

Silalamiki kuhusu moshi. Haukuwa kwenye orodha ya wadau. Ninacholalamikia ni kwamba Kavoi, aliyekuwa pale chini ya mdomo wa shimo akijaza ndoo, aliitwa mara moja, akaitwa mara ya pili, na badala ya Mama Malika kuchukulia kwamba labda anasikiliza hotuba, akaipiga jenereta teke ikazimika. Maiki ikafa mgeni akiwa katikati ya neno “usala”. Mpaka leo halijamaliziwa.

3. Fomu. Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Nyinyi wenyewe mlitubandikia ukutani Fomu ya Uokoaji, inayotaka sahihi tatu kabla mtu hajatolewa: ya mkandarasi, ya mfadhili na ya mwenyekiti wa chama cha wenye ploti. Madam, wote watatu walikuwa wameketi mstari wa mbele, kalamu mkononi, kofia za kalamu zimeshatolewa! Ni lini tena tutawapata hivyo? Mama Malika aliwapita kama nguzo.

Na mwenzake wa kumsaidia kuvuta alikuwa amevalishwa fulana mpya ya reflekta, ametumwa barabarani kuelekeza magari ya wageni. Basi mama akageukia meza kuu akapiga ukelele: “Nyinyi! Mmekaa kuangalia nini? Shikeni kamba!” Nao wakashika. Mkandarasi alishika, mfadhili akashika, mwenyekiti wa wenye ploti akashika na pete zake zote, na mgeni wa heshima akawa wa nyuma kabisa, koti limepasuka kwapani. Mama Malika mbele anawahesabia, “Vuta! Pumzika! Vuta!” Kwa dakika kumi na moja ushirikiano wenu ulikuwepo kwelikweli, watu wameuona kwa macho. Ila haukuwa kwenye programu.

Kavoi alitoka wa kwanza, mdomo wazi, hajui jina lake. Kisha Tonny. Kisha Yusuf, analia kama mtu anayekata vitunguu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Ngazi ipo, lakini miguu yangu haikuwa na habari nayo tena. Nilikuwa nimekaa kwenye tope, nasikia raha fulani, nawaza kwamba nilale kidogo kisha niendelee na kazi. Nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ambayo hata mama yangu hajawahi kuitumia, kisha kamba ikanikata mbavu. Sikujaza chochote. Sikuulizwa kama niko tayari. Nilipotoka juu nikaona jua, na nakiri kwamba sikulilipia.

4. Uharibifu wa mali. Meza pekee iliyokuwa karibu ndiyo ile ya keki, ile keki ya umbo la helmeti. Kavoi akalazwa hapo. Zulia jekundu lilikanyagwa na tope la Lindi, ambalo si tope la udongo pekee. Kavoi alipozinduka akatapika, na kwa bahati mbaya ile nakala moja halisi ya Mkataba ilikuwa karibu na shavu lake. Nimeambiwa mnaikausha ofisini, dirisha likiwa wazi.

5. Takwimu. Kwenye geti kuna ubao unaosema “Siku 212 Bila Ajali”. Sisi wanne tungetulia chini mpaka wageni waondoke, ubao ungekuwa na heshima yake hadi leo. Bwana Wainaina, kwa hekima, akaandika kwamba lile lilikuwa zoezi la uokoaji lililopangwa, tena limefana. Tukaletewa karatasi tutie sahihi. Sisi wanne tulitia. Mimi nina watoto watatu, Tonny anajenga, Yusuf anaoa Desemba, na Kavoi siku hiyo angetia sahihi hata kwenye mti. Mama Malika peke yake akaisoma mara mbili, akairudisha, akasema: “Mimi sijafanya zoezi. Mimi nilivuta watu.” Hapo ndipo mlipomsimamisha, na ni haki. Mtu mmoja akianza kuandika kilichotokea, wengine watafanya kazi gani?

Kwa hayo yote, naomba Mama Malika afutwe kazi. Nafasi yake ichukuliwe na mtu mtulivu, ikiwezekana mwenye cheti cha ile semina ya wiki nzima hotelini huko Naivasha, ambayo sisi wachimbaji hatukualikwa kwa sababu vyumba vilijaa. Pia iwekwe kanuni kwamba mchimbaji anayetarajia kuzimia atoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla.

Nimefanya na utafiti wangu mdogo. Nimegundua kwamba katika ajali zote za mashimo ninazozijua mimi, hakuna hata moja iliyompata mtu aliyekuwa hotelini. Sijui kwa nini wataalamu hawajaliona hili. Kwa hiyo napendekeza shimo lihamishwe, lichimbwe ndani ya ukumbi wa semina, kati ya meza ya chai na skrini. Hapo usalama utakuwa umekamilika. Na ikionekana gharama ni kubwa, basi mtutoe sisi wachimbaji katika mradi moja kwa moja, kwa sababu ukichunguza utaona kila anayeumia chini ni mchimbaji. Tukiondolewa, hamtakuwa na wa kuumia.

Naomba unifikishie salamu kwa mgeni wa heshima na kwapa la koti lake, kwa mkandarasi, kwa mfadhili na kwa mwenyekiti, ambaye nasikia bado viganja vinamuuma. Msalimie pia aliyeoka keki. Ilikuwa tamu, Tonny aliionja upande ambao Kavoi hakuufikia.

Ni mimi niliyetolewa wa mwisho,

Waithaka
Mchimbaji, shimo la Lindi

N.B. Madam, Bwana Wainaina alituambia kwamba asiyeandika barua ya kumlalamikia Mama Malika asionekane kazini. Hiyo hapo juu ni yangu, nimetii. Jana jioni niliikunja nikaitia mfukoni, na leo asubuhi nikaenda nayo kazini.

Juu kwenye kamba wameweka afisa mpya, kijana safi, ana reflekta na simu mbili. Nilikuwa nimeshashuka vipago kumi vya ngazi nilipomuuliza atatuita mara ngapi. Akasema, “Relax, mzee, kukiwa na shida nitawaita.” Nikasimama hapo kidogo, mkono kwenye kipago, feni inanipulizia vizuri kabisa. Nikawaza, shida ikiwepo, atajulia wapi? Nikapanda. Tonny na Yusuf walikuwa nyuma yangu hawajaanza hata kushuka, wakavua helmeti. Kavoi ametoka nyumbani na kichwa kinachomgonga bado, akaja kukaa nasi.

Ile karatasi ya zoezi mliyotufanya tutie sahihi, tunazifuta sahihi zetu, wote wanne. Barua ya hapo juu ichane, kuanzia kwenye tarehe hadi kwenye jina langu. Alhamisi tutakuwa kikaoni na nguo zetu za tope, na kila mmoja ataeleza alikuwa amekaa wapi alipoitwa.

Mrudisheni Mama Malika juu. Mpaka hapo, chini hakuna mtu.