Kilichobaki Chini ya Kikombe

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa zahanati amekuja kumpima Mama. Moyo haupigi sawasawa, miguu imevimba. Ameacha vidonge vyeupe, vikubwa kama vifungo vya koti. Kila asubuhi kimoja, bila kukosa. Akishindwa kumeza nimwambie mara moja, ipo dawa nyingine ya maji. Nikamjibu asiwe na shaka, mimi ndiye kidume wa nyumba hii.

Dada kapiga simu. Anakuja Jumapili. Akikuta Mama hana nafuu atamchukua akakae kwake, na nyumba itapangishwa. Itapangishwa! Na mimi je? Kwa umri huu nikalale wapi? Lazima Mama apone kabla ya Jumapili.

Jumanne, 5 Machi

Mama katema kidonge. Nikamrudishia. Akakitema tena, kikatua mfukoni mwa shati langu. Anasema koo lake si shimo la choo. Kumwita nesi? Thubutu! Dada angejua kabla jua halijazama.

Mpango umenijia nikiwa naosha uso. Nimekisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikatia kwenye chai yake, nikakoroga. Kanywa huku akinisifu, eti leo nimekumbuka kwamba nina mama. Hakushtuka hata kidogo. Akili ni mali, na mimi ni tajiri. Dada na shahada zake mbili asingewaza hivi.

Jumatano, 6 Machi

Mama kauliza mbona chai yangu siku hizi ina mchanga. Nikamwambia ni sukari ya aina mpya. Kaacha funda la mwisho, kama kawaida yake. Tangu nizaliwe sijamwona akimaliza kikombe. Husema chini ni pa makapi, binadamu hanywi makapi. Lile funda akalimwagia ua lake la dirishani.

Miguu bado imevimba. Haraka haraka haina baraka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma karatasi ya dawa. Kiingereza kitupu! Neno moja limenishinda: insoluble. Nikampelekea jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mjuaji kupita kiasi. Kasema ni kitu kisichoyeyuka. Tia mchanga kwenye maji, koroga mpaka kesho, utaukuta umetulia chini. Akaongeza kwamba wenyewe hulitumia pia kwa tatizo lisilotatulika, huku ananitazama mimi. Kisha akataka kujua dawa yenyewe nampaje Mama. Nikamwambia nampa kwa upendo.

Nimerudi nacheka. Kisichoyeyuka ni kigumu, na dawa ngumu ndiyo dawa kali. Mwalimu anajua maneno, dawa hazijui. Hata hivyo nimekoroga zaidi, asije akasema sikumsikia.

Ijumaa, 8 Machi

Mama hakuweza kufika mlangoni. Anahema akiwa amekaa. Nesi kapita, akauliza kama anameza. Nikasema anameza kama kuku na mtama. Akakunja uso. Kwa dawa ile, alisema, uvimbe ungekuwa umeanza kupungua. Akaniuliza tena kama nina hakika. Ulimi ulitaka kusema. Nikaukumbuka mlango wa chumba changu, na mpangaji akiufungua. Nikasema nina hakika.

Ua la dirishani limenyauka. Juu ya udongo wake pana kitu cheupe kilichoganda. Namshuku paka wa mwalimu.

Jumapili, 10 Machi

Mama amefariki. Alfajiri, kabla Dada hajafika.

Aliomba chai. Nilikoroga mpaka mkono ukauma. Alikunywa taratibu, akaniambia, pole baba, unahangaika sana na mimi. Akaacha funda lake la mwisho. Nilipotoka kufungua dirisha na kurudi, alikuwa ameshakwenda. Nimekaa pale nimeshika mguu wake uliovimba. Sina cha kuandika. Nampenda mama yangu.

Dada alipofika alilia, kisha akaanza kuosha vyombo, maana ndivyo alivyo. Akakuta uji mzito mweupe chini ya kikombe cha Mama. Akachovya kidole, akaonja. Mchungu. Akanitazama mpaka nikatazama pembeni. Nikamwambia ni sukari ya aina mpya.

Jumatano, 13 Machi

Tumeshazika. Dada hasemi na mimi. Hali, halali, anashinda amekaa kitandani kwa Mama na kile kikombe mapajani. Nesi kamletea vidonge vya usingizi. Kavisukuma, anasema hakuna kitu kinachopita kooni. Mwalimu anashauri aachwe alie mpaka achoke.

Aachwe! Damu nzito kuliko maji, siwezi kumwona dada yangu akiteketea hivi. Tena akipata usingizi mzuri huenda akasahau habari ya kupangisha nyumba.

Nimeshabandika chai. Kosa la mara ile nimeligundua: kijiko kilikuwa kifupi.