Mizani ya Mbuzi Itundikwe Mlangoni mwa Kanisa

Kwa Mama Nzembi,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama cha Wendo,
Mwala.

Mama Mwenyekiti,

Natumaini u mzima na mbuzi wako wamepona. Mimi pia ni mzima, ingawa wanachama wako hawaamini, kwa sababu ni mwembamba. Naleta malalamiko haya kwa heshima zote:

1. Kwenye harusi ya Mumo, mwanachama mwenzangu Ngina aliuinua mkono wangu mbele ya foleni ya chakula akatangaza, "Huyu bwanake humlisha nini? Tazameni, kijiti cha kiberiti!" Watu walicheka hadi mchungaji akaweka sahani chini ili acheke vizuri.

2. Tulipojenga bwawa la kuzuia mchanga mtoni nilinyimwa mawe, eti upepo ungenibeba hadi Lukenya. Nikapewa watoto niwashike. Mama, mtoto wa Ngina ni mzito kuliko jiwe lolote la bwawa lile.

3. Jumapili iliyopita nilimsogelea Ngina nyuma ya kanisa, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, naona umeongeza mwili." Basi! Akaangua kilio. Nikaitwa kikaoni, nikaambiwa sina adabu, nikatozwa jogoo na kuombewa ulimi. Ulimi wa Ngina haukuombewa.

Kwani mwembamba hana moyo? Kama "umenenepa" ni tusi, "umekonda" imekuwa salamu tangu lini?

Naomba basi kikundi kinunue mizani ya kupimia mbuzi, itundikwe mlangoni mwa kanisa. Anayetaka kutaja mwili wa mwenzake apande kwanza yeye, kilo zake zisomwe kwa sauti, mchungaji aitikie amina, ndipo aseme. Wageni wa harusi wapimwe kabla ya kula na baada ya kula. Anayekataa kupanda, anyamaze.

Nisalimie wazee, wakwe zako na akina mama wote, wanene kwa wembamba, bila ubaguzi.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu,
Winfred Kasyoka

N.B. Mama, tafadhali usiisome barua hii kikaoni. Ngina amekuja leo na sufuria ya muthokoi kuomba msamaha, akaapa hatataja mwili wangu tena. Tumeshinda pamoja, tumekula, tumecheka, na kweli hakutaja hata kidogo. Mwishowe uvumilivu umenishinda. Nimesimama, nikajigeuza mbele yake, nikamuuliza, "Kwani wewe huoni nimenenepa?"