Vita vya Jiko Lisilopinduka

Njooni, enyi wa Mpanda mjini na enyi wa Kabungu, wekeni majembe chini, isikike habari ya Celestin fundi bati, simba wa nyundo, mshinda ndoo zilizotoboka, aliyerudi kutoka semina ya mradi mwaka wa tisini na sita akiwa amejifunga maneno mapya kama mikuki: sampuli, mrejesho, mzunguko mfupi wa kuunda, kujaribu na kurekebisha. Kila asubuhi alifanya kikao cha wima na Ambrosi, mwenzake wa karakana, maana mwezeshaji wa semina alisema mkutano wa kukaa huzaa usingizi. Na wakiwa wima hivyo wakaunda sampuli ya jiko la mkaa, wakalijaribu kwa chai, likasimama imara, wakapongezana kwa hotuba.

Kisha wakalipeleka kwa mtumiaji. Huyo alikuwa Mama Ernestine, malkia wa mama ntilie wa sokoni, ambaye akilikubali jiko wenzake wote wangelitaka, na akilikataa Celestin angerudi kuziba ndoo mpaka kiama.

Mama Ernestine akabandika sufuria ya ugali, akashika mwiko, akasonga pigo la kwanza, akasonga la pili. Sufuria ikazunguka, jiko likapiga magoti, ugali ukalala vumbini mbele ya wateja wenye njaa.

“Ewe jiko, umenisaliti uwanjani!” akalia Celestin. “Mama, naomba mrejesho.”

“Mrejesho huo hapo chini, okota,” akajibu Mama Ernestine. “Nyie mafundi mnajaribu jiko kwa chai! Nani anasonga chai? Shika mwiko, baba, usonge mwenyewe.”

Wanaume wa sokoni wakaangua kicheko, kwani kwao mwanamume kusonga ugali hadharani ni kuvuliwa nguo. Celestin aliona aibu hadi masikioni. Hata hivyo alisonga ugali mwingine, na ulipoanza kukaza, mguu wake ukajinyanyua wenyewe kutafuta pa kulikanyaga jiko lisikimbie, ukapakosa, kidole kikaungua.

“Ambrosi!” akanguruma. “Adui tumemwona! Jiko halina pa kukanyaga! Leta bati!”

Wakagonga hadi jua likapinda, wakaunda kanyagio pana chini, na juu meno ya kuing'ata sufuria. Mama Ernestine akakanyaga, akasonga kwa mikono miwili, akasonga kama mwenye kisasi, jiko halikutikisika. Vigelegele vikapaa sokoni. Celestin alifurahi hata akasahau kidole chake.

“Limesimama,” akatamka Mama Ernestine, akilizunguka. “Sasa, baba, likiwa la moto hivi nalihamishaje? Halina mikono.”

Shujaa akainamisha kichwa. “Mama,” akasema, “hilo ni la mzunguko ujao.”

Na ijulikane vizazi kwa vizazi: siku hiyo, katika soko la Mpanda, ugali ulisongwa, ukaiva, ukaliwa, na haukuanguka.