Ombi la Kung'oa Vitufe Vitatu vya Kinanda cha Kanisa Mama

Kwa Ndugu Katibu wa Kanisa Mama,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mwalimu wa kwaya wa tawi lenu la nyuma ya karakana. Nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

1. Tunakiri kwamba ninyi ndio mliotuzaa. Mlitupa mchungaji wa zamu, pazia la madhabahu lililopauka, na kinanda chenu cha zamani mlipopata kipya. Tulishukuru, tukapiga makofi.

2. Kinanda hicho kina vitufe vitatu visivyolia. Kwa miaka tisa kwaya imejifunza kuziruka sauti hizo: tukifika hapo tunanyamaza, tunavuta pumzi, tunaendelea. Watoto wetu wanadhani ndivyo nyimbo zilivyo.

3. Jumapili iliyopita, kwenye ibada ya pamoja, tuliimba kwa kinanda chenu kizima. Pale pa kunyamaza, kikalia peke yake. Waumini wenu walicheka mpaka mzee wa kanisa akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Shemeji yangu, mwimbaji wa besi, ameapa hakanyagi tena kwenu, na wenzake sita wamemuunga mkono. Kwaya inanifia mikononi, Ndugu Katibu. Nilirudi nyumbani nikalia.

4. Mchungaji hachoki kuhubiri kwamba kanisa mama na matawi yake ni mwili mmoja. Mwili mmoja utaimbaje wimbo mmoja kwa namna mbili? Hatuombi kinanda kipya. Hiyo ingekuwa tamaa, na tena tungelazimika kujifunza upya. Tunaomba fundi wenu ang'oe vitufe vitatu hivyo hivyo kwenye kinanda chenu kabla ya ibada ya pamoja ijayo. Bisibisi tutakuja nayo.

5. Mama gani anampa mwanawe kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki?

Nisalimie wazee wote, akina mama wanaopanga maua, mlinzi wa lango, na yule bwana wa kiti cha mbele aliyecheka kuliko wote.

Wako katika huduma,
Mwalimu wa Kwaya, Tawi la Karakana

N.B. Kile kituo cha maombi tulichokifungua mwaka jana, tukakipa viti vyetu vilivyovunjika mguu, nacho kimetuandikia. Eti wamezoea kukaa upande, wakija kwetu wanaanguka, kwa hiyo tukate mguu mmoja wa kila kiti chetu. Nimewajibu leo leo kwamba kanisa mama haliamriwi na watoto wake.