Gari la Kumpeleka Faridah Koboko

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Arua.
Ukungu asubuhi, kisha jua kali. Injini imekaa kwenye gari! Ovahoo ya miezi saba, kuifungua yote na kuiunda upya, kwa mikono yangu. Kila boliti ina kopo lake, kila kopo lina namba. Boliti tatu zimebaki. Wenye kiwanda walizidisha.

Faridah, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne, anaolewa Koboko Jumamosi. Nilimwahidi ataingia huko katika gari nililolijenga mwenyewe: fremu ya pikapu kuukuu, bodi ya mapipa, kiti cha bibi harusi nyuma, paa hakuna. Kamisi, baba yake mkubwa, amelizunguka mara mbili na kuliita kitanda chenye usukani. Ametangaza mbele ya familia: lisipowaka kabla ya Ijumaa adhuhuri, Faridah atapanda Prado yake, nami nitapanda lori pamoja na sufuria.
Sufuria!

Jumanne, 6 Agosti.
Mawingu. Nimepiga stata. Injini imepiga chafya na kutema moto kwenye kabureta. Nyusi ya kushoto imekwenda. Jirani yangu Ayikoru amekuja mbio na ndoo ya maji, akanimwagia mimi.

Jumatano, 7 Agosti.
Manyunyu. Chafya kumi na mbili, nimeziandika zote. Latifu, fundi wa mtaa wa pili, amekuja bila kuitwa. Ameuliza kwa nini waya wa plagi namba moja uko nyuma. Nimemweleza: nilisimama kando ya injini nikahesabu silinda kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyofundishwa kusoma Kurani chuoni. Amecheka mpaka akakaa chini.
"Dada Asiya, injini si juzuu! Namba moja iko mbele!"
Halafu, akifuta machozi, akasema ekseli ya nyuma iko kama imelala chali, nichungulie. Wivu! Nimemfungulia geti.
Nimengoja apotee kabisa ndipo nikabadilisha waya. Asije akasema amenifundisha.

Ijumaa, 9 Agosti.
Jua. Jana betri ilikufa, sitaki kuzungumzia. Leo saa tano na nusu, IMEWAKA! Vigelegele mpaka barabarani. Kamisi ameitazama saa yake kana kwamba imemsaliti. Latifu amenisihi nilijaribu gari barabarani. Nimekataa. Limeshafungwa maua.

Jumamosi, 10 Agosti. Koboko.
Anga safi. Faridah amepanda. Nimeweka gia ya kwanza, tukaingia kinyumenyume jikoni kwa Ayikoru. Gia ya pili, vilevile, kwa kasi zaidi. Gia zote nne zinarudi nyuma! Ile ya kurudi nyuma ndiyo inayokwenda mbele, mwendo wa kobe aliyeshiba. Wanawake waliokuwa wakitembea na kuimba wametupita, wakarudi, wakatupita tena.

Latifu amelala chini, akaitazama ile ekseli yake ya kulala chali, akainuka akiziba mdomo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kamisi akafungua mlango wa Prado. Nilitamani ardhi inimeze. Faridah ameitazama Prado, akanitazama mimi.
"Mama mdogo, sishuki. Geuza tu."

Nimegeuza. Kilomita zaidi ya hamsini, makalio ya gari mbele! Faridah ametangulia kwenye kiti chake akinipigia kelele za mashimo, mimi shingo nimeipinda, taa zangu zikimtazama Kamisi aliyekuwa nyuma yetu. Mara mbili ameniashiria nitazame mbele. Nilikuwa natazama mbele. Njiani, mjini Maracha, askari ametusimamisha, akatuzunguka, akakosa pa kuanzia, akamkagua Kamisi.

Koboko wametupokea kwa ngoma. Wazee wa bwana harusi wamesema hawajawahi kuona bibi harusi anayelitangulia gari lake. Eti hiyo ndiyo heshima ya watu wa Arua! Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Faridah amenikumbatia mpaka maua yakavunjika.

Latifu anasema ekseli niliifunga juu chini, ndiyo maana magurudumu yanazunguka kinyume, na ataigeuza kwa nusu siku. Thubutu! Gari halina kosa. Nimeshachora mpango: kiti cha dereva kigeuzwe, usukani uhamie nyuma, taa zibadilishane nafasi. Miezi saba tu. Vipande vyote nimevipa namba, kuanzia kulia.

Nalala saa nne kasoro robo. Shingo imekataa kurudi.